Akitoka rihabu, alale wapi?

Arosto ya unga, yaani maumivu yanayompata mtu anapoikosa heroini aliyoizoea, ina ratiba yake. Huanza baada ya saa 6 hadi 12 tangu kete ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida ndani ya wiki moja au siku chache zaidi mwili umetulia. Makamasi yamekauka, tumbo limefunga, mifupa imeacha kuuma, usingizi unarudi vipande vipande. Kwa jamaa wengi wa mitaa ya Mombasa, Kibokoni, Majengo au Mtopanga, hapo mtu amepona. Anaoga, amenenepa, asubuhi anakula mahamri kwa mbaazi na kucheka na wadogo zake. Ukoo mzima umechanga kulipia miezi mitatu ya rihabu, kituo cha kurekebisha tabia, na sasa arudi nyumbani.

Nyumbani kwenyewe ni chumba kilekile, hatua chache kutoka maskani ileile, na laini ya simu ni ileile ambayo muuzaji ameikariri. Kama kuna jambo moja ningependa wazazi wa Mombasa walijue kabla ya kutoa hata senti, ni hili: mwili huachana na unga kwa siku, lakini maisha ya mtu huachana nao kwa miezi na hata miaka, na katika kipindi hicho kirefu mtu anahitaji zaidi mahali pa kuishi kuliko kitanda cha kulazwa. Nyumba za soba zipo kwa ajili ya kipindi hicho.

Nyumba ya soba, ambayo karatasi za serikali ya Tanzania huiita nyumba ya upataji nafuu, ni nyumba ya kawaida mtaani. Watu walioacha ulevi au dawa za kulevya wanaishi humo pamoja, wanapika pamoja, wanagawana kodi, na wamekubaliana kwamba atakayetumia hawezi kuendelea kukaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Rihabu ina mshauri nasaha, muuguzi, ratiba ya tiba na tarehe ya kutoka. Nyumba ya soba ina jiko, zamu ya kufagia, na watu wanaokujua ukidanganya. Huku kwetu Afrika Mashariki tofauti hiyo hupotea kwa sababu baadhi ya nyumba hufanya yote mawili: humpokea mtu na arosto yake, wenzake wakamkanda na kumnywesha uji mpaka imwishe, kisha akabaki kuwa mkaazi.

Kwa unga, utaratibu huo ni wa mateso lakini ni nadra kuua kijana mwenye afya, mradi anapewa maji na anaangaliwa. Kwa pombe mambo ni mengine kabisa. Mtu aliyekunywa chang'aa au mnazi kila siku kwa miaka, akikatiza ghafla, anaweza kupatwa na degedege, kisha kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka, kuona visivyokuwepo na kutetemeka mwili mzima. Hali hiyo huua. Vidonge vya usingizi, bugizi na jamaa zake, vina hatari kama hiyo. Mtu wa aina hii apitie hospitali kwanza, kule Makadara au kwingine kwenye daktari, ndipo aende kwenye nyumba. Meneja anayesema "mlete tu, tutamwombea" hajui anachokishika.

Wazo lenyewe lina historia. Mwaka 1975, Silver Spring katika jimbo la Maryland, Marekani, kaunti iliamua kufunga nyumba moja ya mpito ya walevi kwa kukosa fedha. Wanaume 13 waliokuwa wakiishi humo, akiwemo Paul Molloy, wakaichukua nyumba kwa kodi yao wenyewe. Walikuwa wameona kwamba sheria ya zamani, iliyomlazimu kila mtu kuondoka baada ya miezi sita, ilikuwa ikiwarudisha watu kwenye chupa. Wakaufuta ukomo huo. Badala yake wakasema nyumba iendeshwe kwa kura, kila mtu alipe fungu lake, na anayetumia atolewe. Mengine ni adabu ya kawaida ya kuishi na watu. Mtindo huo, unaojulikana kama Oxford House, una nyumba zaidi ya 3,000 leo, na ndani yake hakuna msimamizi wa mshahara. Wakaazi ndio wanaoiendesha.

Je, unasaidia? Mtafiti Leonard Jason na wenzake wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, waliwafuatilia watu 150 waliomaliza matibabu ya kulazwa. Nusu walipangiwa kwa bahati nasibu kwenda Oxford House, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa kurudi majumbani na kuhudhuria kliniki. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakitumia tena walikuwa kama 31 kati ya kila 100 upande wa nyumba, na kama 65 kati ya kila 100 upande wa pili. Waliopitia nyumba walikuwa pia na kipato zaidi ya mara mbili ya wenzao. Ni matokeo ya Marekani, kwenye nchi yenye ajira na mahakama tofauti na zetu, na sioni busara kuyahamisha nambari kwa nambari mpaka Kisauni. Ila yanaonyesha kwamba kitu kisicho dawa, yaani nani unaishi naye na nani anakuuliza umetoka wapi, kina uzito wa dawa.

Kwetu mbegu iliota Unguja. Mwaka 2009, kwa msaada wa watu wa Detroit waliokuwa wameacha dawa za kulevya wao wenyewe, ilifunguliwa nyumba ya soba Zanzibar, na nyingine zikafuata, za wanawake zikiwamo. Zilijengwa juu ya Hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzia Ohio mwaka 1935 kati ya Wakristo. Wengi walidhani hazitaelewana na swala tano. Zimeelewana vizuri tu: kukiri udhaifu wako mbele ya Mungu na kuwalipa uliowadhulumu si habari mpya kwa Mwislamu yeyote aliyefundishwa toba.

Mombasa ilihitaji mbegu hiyo mapema zaidi. Unga umekuwa mitaani Pwani tangu miaka ya 1980, na sababu kubwa ni bahari. Heroini ya Afghanistani hushuka hadi pwani ya Pakistani na Irani, kisha huvuka na majahazi kuja upande wetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya Mombasa likiwa na kilo 1,032. Sehemu tu ya mizigo hiyo ndiyo hubaki kuliwa hapa, lakini inatosha kufanya kete ipatikane karibu na nyumba kuliko paracetamol. Ndiyo maana "jikaze tu, ukae mbali nayo" ni ushauri mgumu kwa mtu anayelala Mji wa Kale.

Mtu mwenyewe atakwambia saa ngumu zaidi ni jioni. Vijana wengi wanaotoka rihabu hupata kazi za kulipwa kutwa: kibarua bandarini, boda, kubeba mizigo Marikiti, kushusha samaki. Saa kumi na moja ana pesa mkononi, amechoka, na njia ya kwenda kwao inapita maskani. Ubongo wake umejifunza kwa miaka kwamba pesa na jioni ni unga. Hamu haimjii kama wazo, humjia tumboni. Karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, ile ya kuchomea unga, ikianguka chini inamtosha, au mluzi wa rafiki. Nyumba nzuri huishughulikia saa hiyo kuliko nyingine yoyote. Mkaazi hurudi kabla ya magharibi. Pesa yake huwekwa kwa mweka hazina, ikaandikwa daftarini, yeye mwenyewe akatia sahihi, na kesho hupewa nauli na ya chai. Wiki za mwanzo simu hukaa kwa meneja. Haya yakisomwa kwenye karatasi yanafanana na utoto, na wanaume wa miaka arobaini hununa. Lakini ukizungumza na waliokaa klini, bila kutumia, miaka mitano, mara nyingi daftari lile ndilo wanalolitaja, wakalisahau hata jina la mshauri wao.

Kazi za nyumba zina maana ileile. Kuchota maji wakati mfereji umekauka, kukuna nazi, kuosha vyombo vya watu tisa: mtu ambaye kwa miaka aliamka kwa ajili ya kete tu anaanza tena kuamka kwa sababu kuna watu wanasubiri chai. Kila asubuhi hukaliwa kikao kifupi na kila mmoja huulizwa amelala vipi, ameota nini, anamwogopa nani mtaani. Ndoto za kutumia ni za kawaida na zinatisha; mtu huamka akidhani ameshaharibu. Mama nyumbani hawezi kulijua hilo. Mwenzake aliyelala kitanda cha pili analijua, kwa sababu yeye aliota juzi.

Kuhusu kipimo cha mkojo niseme kidogo, maana nyumba isiyokielewa humdhulumu mtu. Kijiti cha kawaida huonyesha heroini kwa siku mbili tatu tu tangu itumiwe, kwa hivyo siku ya kupima ikijulikana mapema, mjanja atajipanga. Bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha, hivyo mgeni akashtakiwa kwa kosa alilolifanya kabla hajaingia. Dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini inaweza kuleta jibu sawa na la heroini. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga nitakayoieleza mbele, nayo haionekani kwenye kijiti hicho, ina chake. Jibu la kijiti ni mwanzo wa maswali, si hukumu.

Na akiteleza? Hapa ndipo watu wa fani hii hugombana kwa kweli. Wale wa mtindo wa Maryland wanasema atoke, leo hii, bila mjadala, kwa sababu kete moja ndani ya nyumba inahatarisha wote. Harufu peke yake inatosha kuwaangusha wawili. Sababu yao naielewa. Ila kuna jambo la mwili ambalo lazima lisemwe kwa sauti. Mtu aliyekaa bila unga kwa miezi, mwili wake umeusahau. Kiasi alichokuwa akitumia zamani bila shida leo kinaweza kumkata pumzi. Wiki za kwanza baada ya kutoka rihabu, jela au nyumba ya soba ni kati ya wiki ambazo watumiaji wa heroini hufa zaidi. Kwa hivyo nyumba inayomtoa mtu saa nne usiku na begi lake mpaka stejini imetimiza sheria yake na imemweka kwenye hatari kubwa kuliko aliyokuja nayo. Kutolewa ndani ya nyumba ni sawa. Kutolewa bila pa kwenda si sawa. Nyumba iwe na mahali ilipokubaliana napo mapema, kituo, kliniki au jamaa, na mtu wa kumsindikiza. Na wakaazi wote wafundishwe dalili za kuzidiwa na unga: midomo ya samawati, mkoromo wa ajabu, kupumua kwa nadra. Nalokzoni, dawa inayouondoa unga kwenye mishipa ya fahamu ndani ya dakika chache, ingefaa iwe kabatini kila nyumba pamoja na mtu anayejua kuitumia.

Ugomvi wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni methadoni. Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, ikafuata Malindi, kisha Kisauni. Ni dawa ya majimaji ambayo kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Inafanya kazi kwa zaidi ya saa 24, inazuia arosto na hamu, na kwa kipimo sahihi haimpi mtu stimu. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Uchunguzi mkubwa uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa 2017, ulikuta vifo kama 11 kwa mwaka kwa kila watu 1,000 walio kwenye methadoni, na kama 36 kwa waliotoka kwenye matibabu hayo.

Hata hivyo nyumba nyingi za soba, hapa na ng'ambo, humkataa anayeitumia. Wanasema bado ni teja, amebadilisha tu muuzaji. Waliopona kwa njia ya kuacha kila kitu hulisema hili kwa uchungu wa kweli, maana njia yao ilikuwa ngumu na wanaiheshimu. Mimi naona wanakosea, na kosa hilo lina gharama. Anayekunywa dawa ya sukari kila siku haambiwi ni mraibu wa dawa. Anayekunywa methadoni, anayefanya kazi, anayelala kwake na kulipa kodi, anafanya yote ambayo nyumba ya soba ilikusudia ayafanye. Ukimlazimisha kuacha ili apate kitanda, unamrudisha kwenye wiki zile za hatari. Kinachopaswa kukatazwa ni kuichanganya na pombe au bugizi, kwa sababu mchanganyiko huo ndio unaozima pumzi.

Kuna na matatizo ya kawaida tu ya mji huu. Chukua kliniki ya Kisauni, ambako kwa kawaida dawa hunywewa hukohuko kila siku. Mkaazi wa nyumba iliyoko Likoni atavuka feri, apande matatu, apange foleni, arudi, na kazi ya asubuhi imeshampita. Nyumba inayopokea watu wa methadoni na iko mbali na kliniki imewapa mtihani usio na haja. Ramadhani nayo huleta swali kila mwaka, kwa kuwa dawa hunywewa mchana. Jibu atoe daktari na sheikh wakiwa wamesikilizana. Hatari ni mtu kuacha kimyakimya kwa aibu, akafika siku ya tatu akiwa na arosto na futari haimpiti.

Wanawake ndio walioachwa nyuma zaidi. Mwanamke anayetumia unga Mombasa hutukanwa mara mbili, mara nyingi ana mtoto, na mara nyingi anayempa kete ndiye anayelala naye. Nyumba ya wanaume iliyotenga chumba kimoja "cha akina dada" haimfai. Anahitaji nyumba yake, yenye nafasi ya mtoto, la sivyo atachagua mtoto na atabaki alipo. Kila mama angechagua hivyo.

Halafu zipo nyumba ambazo hazifai jina hilo. Minyororo, viboko, kunyolewa kwa nguvu, kufungiwa ndani huku familia ikitozwa kila mwezi na kuambiwa isije kumwona mgonjwa "ili asilegee". Baadhi ya wazazi hulipa wakijua, kwa kuwa wamechoka kuibiwa sufuria na simu. Siwalaumu kwa kuchoka. Lakini aliyefungwa hajifunzi kupita maskani saa kumi na moja jioni akiwa na pesa mfukoni; anajifunza kusubiri mlango ufunguliwe.

Kwa hivyo kabla ya kulipa nenda mwenyewe, bila kuarifu, wakati wa chakula. Tazama wanakula nini na kama wakaazi wanainua macho meneja akiingia. Omba kuzungumza na mmoja wao peke yake. Uliza daftari la pesa liko wapi na ulione. Uliza mtu akipatwa na degedege usiku hupelekwa hospitali gani na kwa gari la nani, na aliyeteleza mara ya mwisho alipelekwa wapi. Nyumba inayodai hakuna aliyewahi kuteleza inakudanganya. Uliza msimamo wao juu ya methadoni kabla ya kumhamisha mtu anayeitumia. NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ndiyo inayoidhinisha vituo vya urekebishaji nchini, kwa hivyo nyumba inayotoa tiba pamoja na makazi iwe na karatasi ya kukuonyesha. Ukikosa pa kuanzia, simu ya NACADA ya 1192 ni ya bure, na shirika la Reachout Centre Trust limefanya kazi na watumiaji wa dawa za kulevya Mombasa kwa miaka mingi. Kama tarehe yake ya kutoka rihabu tayari inajulikana, maswali haya yaulizwe wiki kadhaa kabla yake, kwa sababu nyumba nzuri huwa zimejaa.